Mashine ya Kukatia Karatasi kwa Mkono: Uboreshe Kisu, Kibanio, Kizuizi au Wenzo?

Mwenye mashine ya kukatia karatasi inayoendeshwa kwa mkono hufika siku akaona kwamba fremu yake bado ni nzima na ya kutegemewa, lakini kazi inayotoka haimridhishi. Karatasi za juu ya rundo zinatofautiana na za chini, au pembe hazitoki mraba, au mabega yanamuuma kabla kazi haijaisha. Kununua mashine ya umeme hakumo katika hesabu zake, na hata katika mashine aliyonayo anaweza kumudu boresho moja tu kwa sasa. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, awe mchapaji mdogo, mjalidi wa vitabu au fundi anayetunza mashine ya shule au ya ofisi.

Aina ninayoizungumzia ni ile yenye kisu kipana kinachoshuka juu ya rundo zima lililobanwa, si ile ndogo yenye upanga uliofungwa bawaba upande mmoja. Mfaransa Guillaume Massiquot alipata hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1844, na watengenezaji wa karne hiyo hiyo, kama Karl Krause wa Leipzig, wakaiendeleza. Hata hivyo, sehemu zinazoamua ubora wa mkato zimebaki zile zile nne: kisu pamoja na kipande kinachokipokea mezani, kibanio kinachokandamiza rundo lisihame, kizuizi cha nyuma ambacho rundo huegemezwa, na wenzo pamoja na viungo vinavyokishusha kisu. Kwa sababu hiyo, maboresho yaliyoelezwa hapa yanaifaa mashine kuukuu sawasawa na mashine mpya.

Vigezo

Kila boresho litajibu maswali yale yale matano. Kwanza, linabadilisha nini katika mkato wenyewe? Pili, linapunguza au linaongeza nguvu na mwendo wa mwendeshaji kwa kiasi gani? Tatu, linahitaji kazi na zana gani, na je, likishindikana mashine inaweza kurudishwa kama ilivyokuwa? Nne, linaathiri vipi usalama wa mikono? Tano, linamfaa nani?

Kabla ya kuyalinganisha, isome kazi ya mashine yako kwanza, kwa sababu watu wengi huchagua boresho kwa kuitazama mashine badala ya kuitazama karatasi iliyotoka humo. Kata rundo la karatasi tupu lenye unene wa sentimita 3 hivi. Chukua karatasi ya juu kabisa na ya chini kabisa, zilinganishe kwa kingo za nyuma ambazo hazikukatwa, kisha uone kama kingo zilizokatwa zinafikia mahali pamoja. Pili, shika rundo karibu na dirisha na utazame uso wa mkato kwa mwanga unaotoka pembeni. Mistari ya wima inayorudi mahali pale pale katika kila mkato inaonyesha kwamba makali yana mapengo. Tatu, chukua karatasi mbili za rundo hilo, geuza moja kifudifudi, kisha zilaze ubavu kwa ubavu, kingo zilizokatwa zikiegemea rula moja ndefu na kingo za pembeni zilizokuwa zimegusa ukuta wa mashine zikikutana. Pembe ikiwa mraba kweli, kingo hizo zitagusana tangu mwanzo hadi mwisho. Ikiwa imepinda, utaona uwazi wenye umbo la kabari, na upana wa uwazi huo ni mara mbili ya kosa halisi, ndiyo maana hata kosa dogo huonekana kwa macho.

Kisu na kipokezi chake

Kisu butu hakiishii kukata vibaya, bali huzifanya sehemu nyingine zionekane mbovu. Kinapolazimishwa kupita katika rundo, hukokota karatasi mbele badala ya kuzipasua, na lawama humwangukia kibanio. Kinahitaji nguvu zaidi, na lawama humwangukia wenzo. Kwa hiyo kila dalili utakayoiona katika jaribio la hapo juu ni lazima ipimwe tena baada ya kisu kunolewa.

Boresho lenyewe si kunoa tu. Ni kuchagua pembe ya makali inayolingana na kazi. Visu vya mashine hizi kwa kawaida huwa na pembe ya kati ya nyuzi 19 na 24 hivi. Pembe nyembamba hupita kwa urahisi katika karatasi laini, lakini ncha yake ni dhaifu. Pembe nene hustahimili kadibodi na karatasi ngumu, lakini hudai nguvu zaidi. Karatasi zinazong'aa nazo huchosha makali haraka, kwa kuwa uso wake umepakwa madini kama kaolini na kalisi kaboneti. Mwenye kukata karatasi za aina moja siku zote anapata faida kubwa kwa kumwambia mnoaji pembe anayoitaka, jambo ambalo wengi hawalifanyi na mnoaji hubaki akikisia. Anayenunua kisu kipya anaweza pia kuchagua chenye makali ya chuma cha kasi (kwa Kiingereza, high-speed steel), ambacho hudumu kwa muda mrefu kuliko chuma cha kawaida cha zana, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.

Kipokezi, yaani kile kipande cha plastiki au mbao kilichozamishwa katika mfereji wa meza ili kisu kikiguse mwisho wa safari yake, husahaulika sana. Kikishachimbika, karatasi mbili tatu za chini hubaki na nyuzinyuzi au hazikatiki kabisa. Kipokezi chenye umbo la mraba kina nyuso nne, na kila uso unaweza kutumika tena kwa kukigeuza kichwa kiwe mkiani, kwa hiyo kipande kimoja kinatoa sehemu nane mpya za kupokea kisu.

Kuhusu nguvu, boresho hili huipunguza bila kuongeza hata sentimita moja ya mwendo wa mkono, na katika yote manne ni hili peke yake linaloweza kusemwa hivyo bila masharti. Kazi ya kunoa inahitaji mashine ya kusaga inayomwagiwa maji, kwa kuwa chuma kikipata joto hadi rangi ya buluu ikajitokeza, ugumu wa ncha umeharibika na makali hayatadumu. Upande bapa wa kisu hausagwi kuwa na mteremko. Huondolewa tu vinyweleo vya chuma kwa jiwe laini. Kisu kilichonolewa huwa kifupi kidogo, hivyo skrubu za kibeba kisu zirekebishwe mpaka karatasi ya mwisho ikatike kwa urefu wote huku ncha ikigusa kipokezi kwa chini ya nusu milimita.

Usalama una sura mbili hapa. Kisu kikali ni salama zaidi wakati wa kukata kwa sababu hakuna anayelazimika kuuning'inia wenzo kwa mwili mzima. Lakini kukitoa na kukirudisha ndiyo saa ya hatari kuliko zote katika maisha ya mashine. Visu vingi vina matundu ya hesi ya kufungia vishikio. Vifungwe kabla bolti ya mwisho haijalegezwa, na kisu kilazwe moja kwa moja ndani ya ala yake ya mbao. Makali yajaribiwe kwa karatasi, kamwe si kwa kidole.

Boresho hili linamfaa anayeona mistari katika uso wa mkato, anayekata karatasi ngumu au zinazong'aa, na yeyote asiyejua kisu chake kilinolewa lini.

Kibanio

Hapa ndipo penye kosa lililofichika kuliko yote. Makali ya kisu yana mteremko kwa upande wa mwendeshaji, kwa hiyo kinaposhuka husukuma vipande vinavyokatwa kuja mbele. Kama rundo halikubanwa vya kutosha, karatasi za juu huvutwa pamoja na vipande hivyo, na kwa kuwa zimetoka mahali pake kabla ya kukatwa, zikirudi huonekana fupi kuliko za chini. Ukiona karatasi ya juu ni fupi hali kisu ni kikali, kibanio ndicho chenye kesi.

Kuna njia tatu za kukiboresha. Ya kwanza ni kuuacha mfumo wa skrubu na gurudumu ulivyo, ila kuupunguzia msuguano: kusafisha hesi, kuzipaka grisi, na kuweka beringi ya msukumo mahali ncha ya skrubu inapokandamiza kibanio, ili nguvu ya mkono iende kwenye rundo badala ya kupotelea katika chuma kinachosuguana na chuma. Gurudumu pana zaidi nalo husaidia. Ya pili ni kubadilisha skrubu kwa kanyagio la mguu. Hili huongeza kasi na huacha mikono yote miwili huru kupanga karatasi, na kibanio kinaweza kushushwa taratibu kuonyesha mstari ambao kisu kitapita. Lakini shinikizo lake hutegemea uzito wa mwendeshaji na hubadilika kadiri anavyochoka. Ya tatu ni wenzo mfupi wenye kamu, yaani kipande kisicho duara kamili ambacho kikizungushwa hukandamiza, inayofunga kwa mwendo mmoja. Ni wa haraka sana, ila safari yake ni fupi, kwa hiyo kila unene wa rundo unapobadilika lazima urekebishwe upya. Anayekata unene ule ule kutwa nzima ataupenda. Anayepokea kazi mchanganyiko utamuudhi.

Njia yoyote utakayoichagua, hakikisha kwanza kwamba kibanio kinashuka sawasawa pande zote. Weka vipande vitatu vyembamba vya karatasi juu ya rundo, kimoja kila mwisho na kimoja katikati, bana, kisha vivute kimoja kimoja. Kinachotoka kwa urahisi kinaonyesha mahali pasipobanwa. Nimeona mashine zilizobadilishiwa gurudumu na skrubu pasipo manufaa yoyote, wakati kilichohitajika kilikuwa kurekebisha bolti moja iliyoacha upande mmoja ukining'inia.

Kwa upande wa nguvu, kibanio kizuri hakipunguzi sana kazi ya wenzo. Kinachookoa ni kazi ya kukata upya. Lakini shinikizo likizidi, karatasi laini na majalada yenye rangi mbichi hubaki na alama ya kibanio. Bamba bapa lililofunikwa kwa felti (kitambaa kizito cha sufu iliyoshindiliwa) au mpira mwembamba husambaza shinikizo na kuondoa alama hizo. Zana zinazohitajika ni za kawaida kwa njia ya kwanza, na kila kitu kinaweza kurudishwa kilivyokuwa. Kanyagio hudai kuchomelea au kutoboa fremu, na hapo hakuna kurudi nyuma kwa urahisi. Kiusalama, kibanio cha mguu au cha kamu kinaposhuka haraka kinaweza kubana vidole, kwa hiyo kiwe na springi ya kukirudisha juu mara kinapoachiliwa.

Linamfaa mjalidi wa vitabu, ambaye marundo yake yana uti mnene upande mmoja, na kila anayekata marundo marefu ya karatasi laini.

Kizuizi cha nyuma

Kizuizi cha nyuma ndicho kinachoamua kipimo na pembe. Katika mashine nyingi za mkono husogezwa kwa kusukumwa na kukazwa kwa skrubu ya bawa, na macho ya mwendeshaji husoma rula iliyobandikwa mezani. Ubaya wake ni kwamba kizuizi huhama kidogo kinapokazwa, na kila rundo likigongwa juu yake kinaendelea kuhama.

Boresho kubwa ni skrubu ndefu ya kukisogeza yenye gurudumu lililogawanywa. Hesabu yake inapendeza kwa urahisi wake: skrubu yenye hatua ya milimita 2 husogeza kizuizi milimita 2 kwa mzunguko mmoja, na gurudumu likigawanywa mara 20, kila alama ni sehemu ya kumi ya milimita, ambayo ni takriban unene wa karatasi moja ya kawaida ya gramu 80. Hata hivyo, nati na skrubu huwa na ulegevu kati yao, na alama za gurudumu hudanganya mwelekeo unapobadilika. Dawa ni kukifikia kipimo kutoka upande mmoja siku zote: ukikipita, rudi nyuma zaidi ya mahali unapotaka, kisha sogea mbele tena.

Boresho dogo, ambalo mara nyingi linatosha, ni kurekebisha pembe ya kizuizi kwa skrubu mbili za kusukumana na kuongeza vituo vya chuma kwa vipimo vinavyorudiwa. Karatasi ya A4 yenye milimita 210 kwa 297 ikikatwa katikati hutoa A5 yenye milimita 148 kwa 210, na kituo kilichowekwa mara moja kwa kipimo hicho huondoa haja ya kusoma rula kila mara. Inafaa kukumbuka kwamba kanuni ya ISO 216, yaani kiwango cha kimataifa cha vipimo vya karatasi, yenyewe inaruhusu tofauti ya hadi milimita 1.5 kwa pande zisizozidi milimita 150. Kwa barua na fomu, usahihi wa skrubu ni zaidi ya mahitaji. Kwa kadi zinazopangwa pamoja katika kisanduku, au vitabu ambavyo kingo zake huonekana kwa pamoja, nusu milimita tu inatosha kuharibu sura ya kazi.

Boresho hili haligusi nguvu inayohitajika kukata. Skrubu na nati vinahitaji karakana yenye mashine ya kukereza, au vipande vilivyokwisha tengenezwa kutoka mashine nyingine; vituo vya chuma vinaweza kutengenezwa kwa msumeno, tupa na toboo. Yote hufungwa kwa bolti, kwa hiyo hakuna kinachoharibika likishindikana. Kiusalama ni zuri kwa namna ambayo haionekani upesi: mtu anayeamini kizuizi chake haingizi vidole chini ya kisu kusahihisha rundo kwa mara ya mwisho.

Linamfaa anayerudia vipimo vile vile, na anayeona ile kabari katika jaribio la karatasi mbili.

Wenzo na viungo vyake

Hili ndilo linalovutia zaidi kwa sababu uchovu husikika mwilini na makosa mengine huonekana kwenye karatasi tu. Kwa maoni yangu ndilo linalofaa kufikiriwa baada ya kisu, lakini kuna mashine na watu wanaolihitaji kweli.

Kurefusha wenzo ni hesabu ya wazi. Tuseme mkono wa wenzo una sentimita 80 na kiungo kinachokivuta kisu kiko sentimita 8 kutoka kwenye egemeo. Nguvu huzidishwa mara 10, na msukumo wa nyutoni 200 huwa nyutoni 2,000 kabla ya kutoa msuguano. Ukiurefusha hadi sentimita 120, huwa nyutoni 3,000. Lakini ili kisu kishuke sentimita 8, mkono ambao ulisafiri takriban sentimita 80 sasa utasafiri sentimita 120, na mtu mfupi atalazimika kuudaka wenzo juu ya kichwa chake na kuumaliza akiwa ameinama. Zaidi ya hayo, pini, kiungo na fremu vinabeba nusu zaidi ya mzigo vilivyobuniwa kubeba. Fremu ya chuma cha kusubu haipindi na kutoa onyo, hupasuka ghafla. Kwa sababu hiyo sishauri kabisa kuchomeka bomba juu ya wenzo, hata kwa mkato mmoja.

Njia bora ni kupunguza kinachopinga kabla ya kuongeza kinachosukuma. Ondoa vumbi la karatasi lililogandana na mafuta katika reli za kibeba kisu, paka mafuta mapya, kisha kaza skrubu za reli kidogo kidogo mpaka kibeba kisu kiache kutikisika lakini kiendelee kushuka bila kukwama. Ukitikisa kibeba kisu kwa mkono, kisu kikiwa kimetolewa, na kikagonga mbele na nyuma, hakuna boresho lingine litakalotoa mkato mnyoofu mpaka hilo lirekebishwe.

Kwa mwenye karakana, kuna mabadiliko mawili ya kweli. Moja ni viungo viwili vinavyonyooka pamoja, ambavyo nguvu yake huongezeka sana karibu na mwisho wa safari. Vinasaidia karatasi za chini, lakini upinzani wa rundo huanza mapema, kwa hiyo msaada wake mwanzoni ni mdogo. Jingine ni kukifanya kisu kishuke kwa mshazari, kikiteleza upande huku kikizama, kama mpishi anavyovuta kisu juu ya nyama badala ya kukikandamiza. Kisu kilichoinama kidogo mwanzoni na kufika sambamba na meza mwishoni hakiukabili upana wote wa rundo kwa mara moja, na nguvu hupungua kwa kiasi kinachosikika. Ni kazi nzuri mno ikifanywa vizuri, ila inahitaji mifereji au viungo vipya vilivyopimwa kwa usahihi, na hakuna kurudisha mashine ilivyokuwa.

Usalama hapa haujadiliwi pembeni. Wenzo ukiwa juu, ushikiliwe na pini ya kufungia, pamoja na springi au uzito wa kusawazisha uliofungwa kwa bolti. Boresho lolote linaloiondoa pini hiyo, au linalomwezesha mtu kushusha kisu kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa mezani, likataliwe hata kama mkato wake ni mzuri namna gani.

Linamfaa mwendeshaji mwenye nguvu chache au maumivu ya mabega, na mashine ambayo kisu, kibanio na reli zake zimekwisha kuthibitishwa kuwa sawa.

Uchague nini kwa hali yako

Ukikata kazi mchanganyiko na hujui hitilafu iko wapi, noa kisu, geuza kipokezi, kisha rudia jaribio la rundo. Hata kama tatizo litabaki, sasa utakuwa unaliona lenyewe bila kuchanganywa na ubutu.

Ukijalidi vitabu na karatasi za juu zinatoka fupi, weka fedha katika kibanio, ukianza na usawa wake, kisha beringi na grisi, na bamba lenye felti kwa ajili ya majalada. Kanyagio lisubiri mpaka uhakikishe kwamba kasi ndiyo inayokukwamisha.

Ukichapa kadi, tiketi au vijitabu vya kipimo kimoja mfululizo, kizuizi kitakulipa mapema kuliko vingine. Vituo vya chuma vinatosha kwa vipimo vitatu vinne. Skrubu yenye gurudumu inafaa pale vipimo vinapobadilika kila kazi.

Mashine ikitumiwa na watu wengi wenye nguvu na uzoefu tofauti, kama shuleni, punguza unene wa rundo kwanza, kwa kuwa marundo mawili ya sentimita 2 hukatwa kwa urahisi na usahihi kuliko moja la sentimita 4. Kisha rekebisha reli, hakikisha pini ya wenzo inafunga, na weka bamba la kinga linaloonyesha ndani mbele ya kisu.

Na kama una karakana, muda na mashine ya pili ya kufanyia kazi wakati ya kwanza imefunguliwa, mwendo wa mshazari unastahili kujaribiwa. Chora kwanza njia nzima ya kisu kwenye ubao kwa kipimo halisi, tangu juu hadi kinapogusa kipokezi, na usitoboe fremu mpaka mchoro huo uonyeshe kwamba ncha zote mbili za kisu zinafika chini kwa wakati mmoja.